Mzigo umepotea njiani: Ni nani abebe hasara, muuzaji au mnunuzi?

MUUZAJI wa vyombo vya nyumbani katika soko la Kamukunji, Nairobi, anapanga sufuria sita na birika moja ndani ya sanduku, analifunga kwa utepe na kulipeleka katika afisi ya mabasi iliyoko River Road. Mnunuzi, ambaye hawajawahi kuonana naye ana kwa ana, yuko Lodwar. Aliziona picha za vyombo hivyo kwenye Facebook, wakaelewana bei kwa simu, naye akatuma Sh6,800 kwa M-Pesa. Siku nne baadaye anapiga simu akiwa na hasira: mzigo haujamfikia. Afisi ya mabasi nayo inashikilia kwamba mzigo ulichukuliwa siku mbili zilizopita.

Huu ni mfano tu, lakini hakuna mtu aliyeuza bidhaa kupitia mtandao kwa muda asiyeutambua. Kwa mchuuzi mdogo, Sh6,800 si hesabu ya kupuuzwa. Faida yake katika mzigo kama huo huenda isizidi Sh1,000, na akirudisha pesa zote ilhali vyombo vimepotea, atalazimika kuuza mizigo mingine sita au saba kufidia pengo hilo. Mnunuzi naye ametoa pesa zake kwa mtu asiyemjua, na kila saa inayopita inampa sababu ya kuamini kwamba ametapeliwa.

Kosa linalofanywa na wengi katika hali hii ni kuanza na swali la nani anasema uongo. Aghalabu hakuna anayesema uongo. Swali linalostahili kuulizwa kwanza ni hili: ni wakati gani hasa bidhaa hizo zilikoma kuwa mikononi mwa muuzaji na kuwa mikononi mwa mnunuzi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni nani abebe hasara, na mara nyingi jibu lenyewe hupatikana katika mambo yaliyosemwa, au yaliyokosa kusemwa, kabla ya mzigo kuondoka.

Sheria inayotawala jambo hili ni kongwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka wa 1931 na iliigwa kutoka kwa ile ya Uingereza ya mwaka wa 1893. Walioiandika walikuwa wakifikiria meli na gari la moshi, wala si boda boda na simu ya mkononi. Hata hivyo, inaingia katika mzozo wa sufuria za Lodwar barabara kabisa.

Kanuni yake ya kwanza huwashangaza wanunuzi. Iwapo mapatano yalimruhusu au kumtaka muuzaji atume bidhaa, basi kuzikabidhi kwa msafirishaji huchukuliwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kuwa sawa na kuzikabidhi kwa mnunuzi mwenyewe. Na kwa kuwa hasara humfuata mwenye mali, mzigo ukipotea baada ya hapo, aliyepoteza ni mnunuzi. Ikiwa wawili hao hawakuafikiana lolote kuhusu mahali pa kukabidhiana, sheria huchukulia kuwa mahali hapo ni pale muuzaji anapofanyia biashara yake.

Lakini muuzaji asikimbilie kushangilia. Sheria hiyo hiyo inamtaka afanye mapatano ya busara na msafirishaji, kulingana na aina ya bidhaa na hali ilivyo. Akituma sahani za udongo bila kutaja kwamba zinavunjika, au akimpa utingo wa matatu sanduku bila kuandikiwa risiti, mnunuzi ana haki ya kukataa kuhesabu kwamba mzigo ulikabidhiwa kwake, au kudai fidia. Vilevile, endapo mzigo ulicheleweshwa kwa makosa ya upande mmoja, hasara ambayo isingetokea kama si ucheleweshaji huo humwangukia aliyekosea. Muuzaji aliyeahidi kutuma Jumatatu, akatuma Ijumaa, na vyombo vikaibwa katika safari ya Ijumaa, hana pa kujitetea. Mnunuzi aliyearifiwa kwamba mzigo umefika, akauacha afisini wiki tatu hadi ukaharibika, naye yuko katika hali iyo hiyo.

Zaidi ya hayo, kila kitu hubadilika kulingana na maneno ya tangazo. Wauzaji wengi huandika “tunakufikishia hadi mlangoni” kwa kuwa maneno hayo huvutia wateja. Ahadi hiyo ina uzito. Aliyeahidi kufikisha mlangoni hajamaliza kazi yake anapoondoka River Road. Amemaliza mlango wa mteja unapofunguliwa. Aliyeandika “tunatuma kwa basi, gharama ni ya mteja” amejiwekea mpaka ulio karibu zaidi. Tofauti baina ya matangazo hayo mawili ni maneno machache tu, na huenda ikawa ndiyo tofauti baina ya kurudisha Sh6,800 na kutorudisha.

Kadhalika kuna utaratibu wa kulipa baada ya kupokea, unaopendwa mno jijini Nairobi na Mombasa. Muuzaji anayesema kuwa mteja hatakabidhiwa kitu hadi alipe amejiwekea haki ya kuendelea kuwa mwenye mali hadi pesa ziingie. Ni kinga dhidi ya mteja mwongo, lakini ina bei yake: maadamu mali bado ni yake, hatari ya njiani nayo kwa kawaida ni yake. Wengi hutaka kinga bila ya hatari, na hilo haliwezekani.

Tuje kwa mwendeshaji wa boda boda, ambaye huchangia mizozo mingi ya mijini. Hapa jambo la kuuliza ni moja: nani alimtuma? Kama muuzaji ndiye aliyempigia simu, akamlipa na kumpa maelekezo, basi huyo ni mtu wa muuzaji, na akitokomea na simu mpya ya Sh18,000 hasara haimhusu mteja. Kama mteja ndiye aliyesema, “Namtuma mtu wangu wa boda achukue,” basi sanduku linapotiwa mikononi mwa mtu huyo limekwisha kufika kwa mteja. Kinachochanganya ni hali ya katikati, ambapo mteja anamwambia muuzaji, “Nitafutie mtu wa boda, nitamlipa mwenyewe.” Aliyelipa si lazima awe ndiye aliyemtuma. Muuzaji mwerevu humjibu kwa maandishi: “Nimempata, nambari yake ni hii, mpigie mwelewane naye.” Mteja akishampigia na kuelewana naye, itakuwa vigumu baadaye kudai kwamba hakuwa mtu wake.

Sasa turejee Lodwar. Mnunuzi anasema hakupata, afisi inasema mzigo ulichukuliwa. Muuzaji afanye nini?

Kwanza ajibu, na ajibu siku iyo hiyo. Simu isiyopokelewa ndiyo inayogeuza mzigo uliochelewa kuwa kesi ya utapeli machoni pa mteja. Wala jibu lisianze kwa kujitetea. Ujumbe wa aina hii hutosha: “Dada, pole kwa usumbufu. Mzigo wako uliondoka Nairobi Jumatatu usiku, risiti yake ni hii hapa kwenye picha. Afisi ya Lodwar inasema ulichukuliwa Jumatano. Naomba unieleze kama kuna mtu yeyote uliyemtuma, nami sasa hivi naenda afisi ya huku waniangalizie kitabu. Nitakupigia kabla ya saa kumi na moja jioni.” Ujumbe huo hauungami kosa na haumtuhumu mtu. Unaweka tarehe katika maandishi, unauliza swali moja na kutoa ahadi inayoweza kutimizwa. Ikifika saa kumi na moja, apige simu hata kama hana jipya la kusema.

Pili, afike mwenyewe katika afisi alikoacha mzigo, akiwa na risiti. Mkataba wa usafirishaji ni wake, maana yeye ndiye aliyelipa na jina lake ndilo lililoandikwa sehemu ya mtumaji. Kumwambia mteja “wasumbue watu wa basi” ni kumtuma akadai katika mapatano asiyokuwemo. Aulize mzigo ulipita wapi, kwa sababu mizigo ya Lodwar hupitia Kitale, na sanduku linaweza kuandikwa kitabuni kuwa limeshushwa ilhali lingali limelala Kitale likisubiri gari jingine. Aulize ni nani aliyetia sahihi, kwa kitambulisho kipi na kwa nambari gani ya simu.

Ni katika hatua hii ambapo mizozo mingi huyeyuka, na sababu huwa za kuchekesha. Mteja anajulikana kwenye Facebook kwa jina la mapambo. Pesa zilitumwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe. Juu ya sanduku muuzaji akaandika “Mama Brayo”, kwa kuwa ndivyo alivyomhifadhi katika simu. Kitambulisho cha mteja kina jina la nne kabisa. Karani wa Lodwar, akiwa mbele ya watu wanne wanaodai kuwa mtu mmoja, alimpa mzigo shemeji mtu aliyefika akitaja nambari ya simu iliyo sahihi, naye shemeji akauweka nyumbani bila kusema. Dawa ya tatizo hili haigharimu hata senti: kabla ya kufunga sanduku, mwombe mteja jina kama lilivyo kwenye kitambulisho na nambari ya simu atakayokuwa nayo siku ya kupokea, kisha andika hayo mawili tu.

Iwapo sahihi iliyo kitabuni si ya mteja wala ya mtu anayemfahamu, basi msafirishaji amekabidhi mali kwa mtu asiye mwenyewe, na dai linamgeukia yeye. Hapo ndipo mchuuzi hugundua maandishi madogo yaliyo nyuma ya risiti, ambayo mara nyingi huwekea mipaka fidia ya mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Kutaja thamani huongeza gharama kidogo. Kwa kitu cha Sh500 pengine si lazima. Kwa televisheni ni upumbavu kutofanya hivyo. Dai lipelekwe kwa maandishi na nakala ihifadhiwe. Kampuni za kusafirisha vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mamlaka hiyo hupokea malalamiko ya wateja ambao kampuni zimekataa kuwasikiza. Aliyetuma kwa njia ya mtu asiye na leseni hana mlango huo wa kubisha.

Wakati mwingine ubishi si kama mzigo ulifika bali ni kuhusu kilichokuwa ndani. Mteja anafungua na kupata sufuria nne badala ya sita, au birika lililobonyea. Sheria inampa nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa amezikubali. Zikiwa pungufu, anaweza kuzikataa zote au kuzikubali zilizopo na kulipia hizo tu. Akizikataa kwa haki, si wajibu wake kuzirudisha Nairobi kwa gharama yake. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba amezikataa. Asichoruhusiwa ni kukaa nazo kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema neno, au kupikia sufuria hizo wiki mbili kisha azikatae.

Kwa muuzaji, ulinzi ni picha. Si zile za matangazo, bali picha ya sanduku likiwa wazi na vyombo vyote vikihesabika, nyingine likiwa limefungwa na jina likisomeka, na ya tatu ikionyesha risiti. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Picha hizo zitumwe kwa mteja siku hiyo hiyo, kabla ya mzozo wowote kutokea, kwani picha inayotolewa baada ya ugomvi huaminiwa nusu. Mteja naye afungue sanduku mbele ya karani au akijirekodi kwa simu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalipendi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 ina vifungu vinavyohusu mapatano yanayofanywa kupitia intaneti. Inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi mambo muhimu ya mauzo kabla ya kukubaliana, ampe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa, na ampe nakala ya mapatano kwa maandishi. Wachuuzi wengi wa mtandaoni hawafanyi hata moja kati ya hayo, kisha hubandika onyo kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Onyo hilo haliwezi kufuta haki ambazo sheria hiyo imempa mnunuzi.

Upande wa malipo pia una mtego wake. Mteja aliyekata tamaa hupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 akiomba pesa zirudishwe. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kwa mtu asiyekusudiwa, wala si kwa kuamua mizozo ya bidhaa. Mnunuzi anayedai kwamba alikosea nambari, ilhali amezungumza na muuzaji kwa siku nne kuhusu sufuria, anajiharibia kesi yake mwenyewe. Muuzaji akipigiwa simu kuhusu ombi kama hilo, aeleze kwa utulivu kwamba ni malipo ya bidhaa na kwamba ana kumbukumbu za mazungumzo. Tofauti na hayo ni mteja anayetuma ujumbe bandia wa malipo ili apewe mali. Huo si mzozo wa kibiashara. Ni kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na mahali pake ni kituo cha polisi.

Ikiwa ukweli umefichika kabisa, bado kuna nafasi ya kuelewana. Muuzaji anaweza kutuma vyombo vingine kwa bei aliyonunulia, kila mmoja akabeba sehemu ya hasara huku dai dhidi ya msafirishaji likiendelea. Kwa maoni ya mwandishi huyu, njia hiyo hudharauliwa kupita kiasi na watu wanaodhani kwamba kukubali nusu ni kuungama. Si kuungama, mradi maandishi yaseme hivyo waziwazi: “Nakubali kufanya hivi ili tumalize jambo hili, bila kukiri kosa.” Mteja ajibu kwamba amekubali, na mazungumzo hayo yasifutwe.

Jambo la hatari zaidi ambalo muuzaji mwenye hasira anaweza kufanya ni kubandika picha, jina na nambari ya simu ya mteja kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akimwita mwizi. Watu hufanya hivyo kila siku, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, habari alizopewa muuzaji kwa ajili ya kutuma mzigo si zake kuzitumia apendavyo. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza faini ya zaidi ya Sh1.8 milioni kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kwa kutumia picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Mchuuzi anayedai Sh6,800 hana sababu ya kujiingiza katika hatari ya aina hiyo, sembuse kesi ya kuchafua jina ikiwa shemeji atatokea na sanduku. Mteja anayemtangaza muuzaji kuwa tapeli kabla ya kuuliza kitabu cha afisi naye ajue kwamba mlango wa kesi uko wazi kwake pia.

Yote yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili. Mahakama hiyo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, hivyo mazungumzo ya WhatsApp, picha na ujumbe wa M-Pesa vina nafasi yake, ili mradi vimehifadhiwa jinsi vilivyo na si kukatwakatwa. Tangu 2024, mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya mtandao umefika kote nchini. Kabla ya kwenda huko, mpe mwenzako ilani ya maandishi yenye kiasi unachodai, sababu na siku ya mwisho ya kulipa. Ilani yenyewe humaliza mizozo mingi.

Linalosahaulika ni sanduku linalojitokeza baada ya mambo kuisha. Tuseme muuzaji amerudisha Sh6,800, kisha wiki mbili baadaye afisi ya Kitale inampigia mteja simu ikisema mzigo wake upo. Kwa kuwa pesa zimerudi, vyombo hivyo ni vya muuzaji. Mteja hana ruhusa ya kuvichukua kimya kimya. Akivitaka bado, atume pesa upya, na asipovitaka amjulishe mwenyewe mara moja, kwa sababu afisi nyingi hutoza ada ya kuhifadhi mzigo kila siku. Ni vyema wawili hao waandike tangu siku ya kurudishiana pesa ni nani atakayelipa ada hiyo endapo sanduku litapatikana.